Picha Yangu ya Singo Ilivyofungiwa Ofisini

Hasira ile mpaka leo haijanitoka. Miaka ya tisini ilikuwa inaishia, mjukuu wangu wa kike ni karani wa kampuni ya mizigo mjini, akanitengenezea tovuti ya kazi yangu. Mie shule niliiacha darasa la nne, lakini kusinga mabibi harusi, kuwasugua manukato ngozi ing'ae, hapa Temeke hakuna wa kunifundisha. Picha niliichagua mwenyewe: bibi harusi kajifunga kanga kifuani, nampaka singo ya manjano mabegani, uso nimemfunika ushungi.

Jumatatu moja mjukuu akarudi kanuna.

"Bibi, ofisini wameufunga ukurasa wako. Ukiufungua, kompyuta inaandika kwa rangi nyekundu: picha za aibu."

"Aibu ya nani?"

"Yako, bibi."

Kumbe mama mmoja wa ofisi hiyohiyo, ambaye binti yake alikuwa aolewe Ijumaa nami ndiye somo wake, wa kumfunda na kumsinga, aliyaona maandishi hayo mbele ya wenzake. Akaniletea salamu kuwa nisubiri kwanza, huenda akatafuta somo mwingine. Mie! Niliyemsinga yeye mwenyewe!

Kesho yake nikavaa baibui, nikabeba bakuli la singo, nikaenda. Fundi wa kompyuta alikuwa baba wa makamo kutoka bara, tai imemkaba shingo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniita mchafu?"

Akaeleza kwamba mashine ina orodha ya kurasa za kufungwa, na wangu kauingiza yeye.

"Niliona mabega wazi, halafu uso umefichwa. Mtu asiye na jambo baya anaficha uso wa nini?"

Yaa Rabi! Damu ikanipanda kichwani.

"Baba wee, bibi harusi yumo ndani, haonwi na mtu mpaka siku yake! Ningemwacha uso wazi ndiyo ningemvunjia heshima. Kwenu mnawaanika?"

Wanawake wa ofisi wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Kaka, kwani wewe hujaoa?"

"Nimeoa. Kwetu bibi harusi anaoga tu."

Nikamvuta mkono, nikampaka singo. Akanusa.

"Karafuu?"

"Na liwa, na waridi. Uchafu uko wapi?"

Akasema basi, ataufungua kesho, taratibu, bila kelele. Nikamwambia thubutu! "Umenifunga hadharani, utanifungua hadharani. Hapahapa, mbele ya hawa."

Akakaa, mkono mmoja bado wa manjano, akaufuta ukurasa wangu kwenye orodha. Picha ikashuka polepole kwenye kioo cha kompyuta kama inaona haya: ushungi kwanza, kisha mabega, mwisho kiganja changu.

Yule mama wa binti akasogea, macho chini.

"Somo, basi kesho uje, mtoto anakungoja."

"Nitakuja kwa ajili yake. Wewe bado nimekununia."