Kibali cha Pikiniki

Juzi nilikuwa dirishani kwa karani wa misitu hapa Iringa, nikisubiri kibali cha mbao. Mbele yangu alisimama mama wa Kilolo, kuku kwapani. Alitaka kuingia msitu wa hifadhi, walikozikwa wazee wake, awashe moto, achinje, awaarifu kwamba mwanawe amefariki.

"Matambiko hayaruhusiwi humo, mama. Moto ni marufuku."

"Mbona Wazungu wanaokuja kutazama maporomoko wanachemsha chai?"

Karani aliifuta kalamu yake taratibu. "Ile ni pikiniki. Serikali inataka wageni."

"Basi, mwanangu, niandikie pikiniki."

Foleni nzima tulicheka. Yeye hakucheka. Karani akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba kibali cha pikiniki hupewa mgeni, naye si mgeni, maana amezaliwa humo humo msituni.

Mama akaifunga upya kanga yake, akatoka na kuku wake.

Tangazo lililobandikwa ukutani linasema misitu inatunzwa kwa ajili ya watoto wetu. Mama yule alikuwa na mmoja tu, naye ndiye huyo aliyefariki.