Niliacha daftari la matangazo ya vifo siku kumi na moja ili nitengeneze passion project ya chuo

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimepita kwenye uzi wa yule kijana anayeuliza achague passion project gani ili chuo cha nje kimpokee. Nimesoma majibu yenu yote. Anzisha NGO. Fungua YouTube channel. Panda miti, piga picha. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikanikata.

Na mimi niliwahi kuwa huyo kijana. Ninachosimulia ni kweli tupu, ila jina moja nimelibadilisha, maana mwenyewe yuko hai na wajukuu zake wanaingia humu.

Mimi ni binti wa Buyenzi, Bujumbura. Baba alikuwa fundi magari, gereji yake ilikuwa hapo hapo uani kwetu. Miaka ninayoisema ni ile ya vita, karibu na mwisho wake, ingawa wakati ule hakuna aliyejua kama ni mwisho.

Nianze na mjomba.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alifia Ruziba. Si mbali na mjini, lakini barabara ya kusini ikifungwa hakuna anayepita, na simu zilikuwa za wenye nazo. Kwa hiyo msiba ulitangazwa redioni. Ndivyo tulivyofanya wote. Unapeleka jina la marehemu, majina ya ndugu wanaoitwa na saa ya mazishi, wanasoma mchana baada ya habari. Likishasomwa, umeambiwa. Mambo ya "sikusikia" hayapo. Usipoonekana, ukoo unajua umekataa.

Siku hiyo betri za redio yetu zilikuwa zimekwisha. Mama alikuwa amezianika juu ya bati zipate jua, zirudishe nguvu kidogo. (Mliokulia mjini kwetu mnajua.) Tangazo likapita betri zikiwa juu ya bati.

Mama alifika Ruziba siku tatu baadaye. Wifi yake alimwambia mbele ya watu: "Redio ilikuita, we ukakataa."

Mama hakuwahi kunisimulia zaidi ya hapo. Ila hakurudi tena Ruziba mpaka leo.

Kesho yake baba alichukua redio, akaifunga kwenye betri ya gari pale gereji. Toka siku ile haikuzimika. Mimi shule nilikuwa natoka saa sita, kwa hiyo nikachukua daftari, nikawa nakaa kwenye tairi na kuandika kila tangazo linalosomwa. Siku moja, ukurasa mmoja. Saa ya matangazo baba aliwanyamazisha mafundi wote, hata mteja mwenye haraka alisubiri.

Hakuna aliyenituma. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya mama tu. Lakini Buyenzi haina siri, na haikuchukua muda wakaanza kuja waliokuwa sokoni saa ya matangazo, na wasio na redio kabisa. Wanasimama mlangoni wanauliza, nafungua ukurasa, nawajibu.

Aliyekuja kila siku ni Mama Furaha. Mkongomani wa Uvira, alikimbilia kwetu na watoto wake, anauza samaki. Kaka yake mkubwa alikuwa mvuvi kule ziwani Kajaga, mgonjwa wa siku nyingi. Kila jioni akipita na beseni lake tupu ananiuliza: "Mutoto, jina yetu imepita?"

Mimi: "Apana, mama."

Yeye: "Mungu asifiwe." Anaenda zake.

Miaka minne nilifanya hivyo. Niliipenda ile kazi, nawaambia ukweli. Nilipenda kujua kwamba kwenye mtaa wetu hakuna atakayeambiwa amekataa.

Sasa tuje kwenye chuo.

Nilipomaliza sekondari, nilisikia kuna ofisi mtaa wa Mutanga Sud inapokea maombi ya ufadhili wa kusoma nje. Nafasi chache, watu bwerere. Fomu ilikuwa na swali moja lililotutoa jasho: eleza mradi wako binafsi, kitu ulichoanzisha mwenyewe bila kutumwa, na unachokipenda.

Wakuu, jibu lilikuwa kwenye tairi pale gereji. Sikuliona.

Nilimpelekea fomu binamu yangu aliyekuwa anasoma chuo kikuu. Nilipomtajia daftari, alicheka hadi akashika ukuta. "Daftari ya vifo? We unataka wakupe nafasi ao wakulilie? Andika club ya amani! Iko vita, wazungu wanatafuta amani. Tafuta vijana, piga foto, kwisha."

Nikamwamini. Mtu wa chuo kikuu, utambishia?

Basi nikaanzisha club ya amani. Nilikusanya vijana wa mtaa, nikatafuta T-shirt za rangi moja, tukapanda miche uwanjani tukipigwa picha. Tulishikana mikono. Tulishika majembe. Kuna picha nilijifanya nasuluhisha wawili ambao hawajawahi hata kukosana. Mambo hayo yalinila siku kumi na moja, na mara zote saa ya matangazo nilikuwa uwanjani.

Nani alikuwa anaandika? Hakuna. Nilijiambia ni siku chache tu.

Na hapa ndipo panaponiuma hadi leo. Siku moja narudi, T-shirt mwilini, miguu imejaa vumbi, Mama Furaha akanikuta mlangoni. "Mutoto, jina yetu imepita?"

Ningeweza kusema leo sikusikiliza. Mdomo ulishazoea. Nikamjibu: "Apana, mama."

"Mungu asifiwe."

Ilikuwa imepita. Mchana ule ule.

Alikuja kuambiwa sokoni zaidi ya wiki baadaye, na mwanamke anayeleta samaki kutoka Kajaga: "Mbona kwa kaka yako haukuonekana?" Akaja gereji. Nilitegemea matusi. Hakupandisha hata sauti.

"Ile siku mi nilikuuliza," akasema. Basi, hilo tu.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nililia, lakini kulia kwangu kungemsaidia nini? Huyu alikimbia nchi yake, ndugu pekee aliobaki nao ni wale wa Kajaga, na sasa kwao yeye ni mtu aliyeitwa akakataa. Nilikuwa nimemfanyia kile kile alichofanyiwa mama yangu.

Mama ndiye aliyenipa amri. "Utaenda naye. Useme kwa kinywa chako."

Tulikwenda Kajaga siku ya kuondoa matanga. Nilibeba daftari. Watu walikuwa wamejaa uani, na wengi hawakumsalimia Mama Furaha. Aliketi pembeni na kitenge chake kama mgeni. Mzee wa ukoo, baba yao mdogo, alipowapa watu nafasi ya kusema, nilisimama.

Nilisema: "Wazee, dada yenu hakukataa. Aliniuliza, mi nikamwambia apana. Nilimudanganya. Sikukuwa nimesikiliza."

Nikamwonyesha mzee daftari. Niliporudi kuandika nilikuwa nimeruka kurasa kumi na moja, nikidhani nitauliza majirani nizijaze. Hakuna aliyekumbuka. Zilikuwa nyeupe.

Mzee alizigeuza moja moja, akarudi nyuma kwenye zilizojaa, akageuza tena. Kisha akamwita Mama Furaha akae karibu naye. Kwangu akasema: "Tangazo yetu ilisomwa siku ya kaburi. Andika sasa, tuone."

Nikaandika jina la marehemu kwenye ukurasa wa siku yake, yeye akinitajia. Jina moja, katikati ya kurasa nyeupe.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya fomu. Nikiwa kwenye foleni Mutanga Sud, nilichomoa karatasi za club, nikaandika upya kwa peni, karatasi nimeiweka juu ya goti. Niliandika habari za daftari. Picha nilizirudisha kwenye mfuko, na T-shirt baba aliigeuza kitambaa cha kufutia oili.

Waliniita kwenye mahojiano. Aliyenihoji ni mama mmoja wa makamo, Mrundi, mtaratibu, Kifaransa kimenyooka. Alifungua daftari, akasoma ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika kwenye zile kumi na moja, akaacha Kifaransa, akaniuliza kwa Kiswahili.

"Hizi kurasa mbona nyeupe? Na jina hili moja?"

"Hizo siku," nilimjibu, "nilikuwa natengeneza mradi wa kuwaonyesha ninyi."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akanirudishia daftari kwa mikono miwili.

Nafasi nilipata. Lakini sitaki mseme "kumbe ukweli unalipa", maana kwenye foleni ile kulikuwa na wakweli wengi waliokosa.

Funzo langu kwa yule kijana ni dogo. Kabla hujatafuta mradi, jiulize ni kitu gani ukikiacha wiki moja kuna mtu ataumia. Kama kipo, ndicho hicho. Kama hakipo, usikimbilie kamera.

Siku naondoka, Mama Furaha aliniuliza: "Sasa nani ataandika?" Nilipanda gari nikiwa na aibu.

Niliporudi likizo ya kwanza, nilikuta madaftari mawili mapya juu ya betri ya gari. Mwandiko wa mama. Mama aliishia darasa la nne, majina mengi amekosea herufi, mistari inapanda na kushuka. Nilikaa kwenye tairi nikayapitia yote. Hakuna siku aliyoruka.

Wakuu, aliyewahi kukosa tangazo la mtu wake, au aliyekuwa anasikiliza kwa niaba ya majirani, aandike hapa chini. Hata kama ni jina tu.