Maksai wa Bi Ruchti

Bi Annelis Ruchti hapendi kuitwa mpenda wanyama. Ukimwita hivyo atakujibu kwamba mpenda wanyama ni yule anayemnunulia mtoto simbilisi siku ya kuzaliwa, kisha akamsahau kabla keki haijaisha. Yeye anafanya kazi iliyoachwa na wapenda wanyama.

Kazi yenyewe ni hii. Simbilisi, mnyama huyu mnene asiye na mkia, anayeenea viganjani na kupiga miluzi akisikia mfuko wa mboga unafunguliwa, haishi peke yake. Upweke humnyong'onyeza, na sheria yetu ya Uswisi inakataza kumfuga bila mwenzake. Tabu huanza mmoja anapokufa. Ukimnunulia aliyebaki mwenzi mpya, kesho huyo mpya naye atakuwa mjane, na mnyororo hauna mwisho. Ndipo watu wa bonde letu humwendea Bi Ruchti. Yeye huazimisha. Hukupa dume mmoja mpole, akae na jike wako mpaka jike afe, kisha wewe humrudisha kwake. Sharti lake halijawahi kubadilika: dume hatoki kwake kabla ya kuhasiwa, na akishahasiwa hukaa kando majuma kadhaa mpaka mbegu zilizosalia zimwishie.

Umri wake wote wa kazi aliumaliza katika kiwanda cha biskuti, akisimama kando ya mkanda uliopitisha biskuti na kuondoa zilizovunjika. Jicho lile halikustaafu pamoja naye. Akiingia nyumbani kwako ataona kikombe chenye ufa kabla hajaona kahawa iliyomo. Nalitaja jicho hilo mapema kwa sababu safari moja lilishindwa kuona, na kisa hiki kimo katika kushindwa huko.

Mimi ni msaidizi katika kliniki ya wanyama ya Daktari Sägesser. Kazi nilijifunzia chuo cha ufundi, na mimi ndiye ninayewashika wanyama wakati wa kupimwa. Yaliyotokea nje ya kliniki nimeyasikia kwa wenyewe. Ya ndani niliyaona.

Werner Kipfer ni fundi wa jibini aliyestaafu. Mkewe, Lotti, alifariki majira ya baridi, akaacha simbilisi wawili aliowalea kwa mkono wake. Mmoja wao akamfuata upesi. Akabaki Zimti, jike wa rangi ya mdalasini, na Bi Ruchti akampelekea Balz, dume mweupe mwenye doa jeusi jichoni. Wawili hao, Kipfer na Bi Ruchti, waliitana Werner na Annelis tangu ujanani. Kwetu hilo si jambo dogo. Watu wazima huitana Bwana na Bi mpaka siku wanapogonganisha glasi na kupeana majina, na jina likishatolewa halirudishwi.

Mwanzoni mwa kiangazi, Bi Ruchti akiwa kwenye foleni ya mkate, Kipfer aliingia dukani akiwa na uso mwekundu.

“Annelis! Yule maksai wako kazalisha!”

“Kamzalisha nani?”

“Zimti wangu. Ungeliona tumbo lile!”

“Hongera, Annelis,” alisema Käthi, mwenye duka, huku akifunga mkate. “Umeshakuwa bibi.”

Foleni nzima ikacheka.

“Werner, Balz kahasiwa. Mguu nilimshika mwenyewe.”

“Basi daktari alikata kamba ya kiatu chako.”

Bi Ruchti hakununua mkate siku hiyo. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Kipfer, akamtoa Balz kizimbani, akarudi naye dukani akiwa amembana kwapani, Kipfer akimfuata nyuma kwa maneno. Alimgeuza dume yule chali mbele ya watu.

“Si juu ya kaunta, Annelis! Kuna keki hapo!”

“Tazameni. Anayejua kuhesabu na ahesabu.”

Mleta barua aliinama, akavaa miwani. “Nahesabu sifuri.”

“Moja limejificha tumboni,” Kipfer alisema. “Farasi wa mjomba wangu alikuwa hivyohivyo, na alizalisha bonde zima.”

Wakacheka tena, na kicheko cha mara hii kilitoka nje ya duka. Kabla ya juma kuisha, msemo ulikuwa umezaliwa. Mtu aliyeapa kuacha pombe akakutwa na chupa aliitwa maksai wa Ruchti. Paa lililozibwa likavuja: maksai wa Ruchti. Mama mmoja wa kijiji cha juu alimrudishia Bi Ruchti dume wake kwa adabu, akisema hana nafasi ya kulea watoto. Wengine wawili waliokuwa wakisubiri kuazima hawakupiga simu tena. Kazi ya namna hii ni imani tupu, na imani ikichekwa haisimami.

“Mimba ya simbilisi ni miezi miwili na kitu,” Bi Ruchti alimwambia Kipfer barabarani. “Nitangoja. Siku zikipita bila mtoto, utasimama palepale dukani uniombe radhi.”

“Na wakizaliwa?”

“Wakizaliwa, nitafunga zizi.”

Wakakubaliana, na hasira yangu inaanzia hapo. Watu wazima wawili waliojua kufuga walimgeuza mnyama kuwa saa ya kungojea ushindi wao. Kijiji kizima kilimtazama Balz, aliyekuwa mzima wa afya. Zimti alikuwa katika kizimba hichohicho alimorudishwa Balz, tumbo likikua, na hakuna aliyemtazama.

Siku zilipokwisha, Bi Ruchti alikwenda kwa Kipfer kuchukua ushindi wake. Alivaa koti lake zuri. Kipfer alimfungulia mlango bila salamu, akamwonyesha kizimba. Hapakuwa na mtoto. Zimti alikuwa amempanda Balz mgongoni, akinguruma kama dume, na sikio la Balz lilikuwa na damu. Bi Ruchti alimwinua Zimti. Tumbo lilikuwa limeshuka kama tunda la peasi, uti wa mgongo ulikuwa unachoma kiganja, na mbavuni, upande huu na upande ule kwa usawa, ngozi ilikuwa tupu bila unywele.

“Hili tangu lini?” aliuliza.

“Jike mwenye mimba hunyonyoka. Hujui?”

“Mimba gani, Werner? Mimba gani!”

Hakungoja jibu. Alimtia Zimti ndani ya kisanduku cha kubebea, akatoka. Kipfer alimfuata na viatu vyake vya nyumbani, akipiga kelele za mwizi njia nzima, na ndivyo walivyoingia kliniki: mmoja kimya, mwingine akiita polisi.

Nilimshika Zimti mezani. Alikuwa akisaga meno, na simbilisi mwenye maumivu husaga meno hivyo. Daktari Sägesser alipaka mafuta ya kipimo, akapitisha ultrasaundi kushoto, akapitisha kulia, akarudi kushoto.

“Si mimba,” alisema. “Haya meusi mnayoyaona ni maji. Ni uvimbe wa ovari. Wa kushoto ni mkubwa kama plamu, wa kulia unaufuata. Umesukuma utumbo, kwa hiyo hawezi kula vizuri. Manyoya na ugomvi ni mambo ya homoni. Jike wa umri wake hupata hivi mara nyingi kuliko mnavyodhani.”

“Hakuna mtoto?” Kipfer aliuliza. “Hata mmoja?”

“Hata mmoja.”

Daktari alieleza yaliyowezekana, bila kupamba. Angeweza kunyonya maji kwa sindano. Zimti angepata nafuu, lakini maji yangejaa tena. Sindano za homoni husaidia uvimbe wa aina moja, naye hakuweza kuapa kwamba huu wote ulikuwa wa aina hiyo. Dawa ya kudumu ni kuzitoa ovari zenyewe. “Nusukaputi kwa mnyama mdogo hivi ina hatari yake, sikufichi. Angeletwa mwanzoni mwa kiangazi hatari ingekuwa ndogo. Wakati ule alikuwa bado na nyama mwilini.”

Kipfer alikivuta kisanduku cha kubebea karibu naye.

“Muacheni,” Kipfer alisema. “Ana miaka minne. Afe nyumbani kwa amani.”

“Amani ipi?” Bi Ruchti alisema. “Hebu weka mkono hapa. Weka! Sikia amani inavyosaga meno.”

“Wewe kaa kimya! Unataka apasuliwe afie mezani, umchukue maksai wako, urudi kutamba dukani. Jike akifa, dume anarudi. Si ndiyo sheria yako hiyo?”

Nimemwona Bi Ruchti akiumwa na sungura, akipigwa teke na mbuzi. Sijamwona akibadilika rangi hivyo.

“Bwana Kipfer,” alisema, na sote tukasikia mlango ukifungwa ndani ya neno hilo. “Zimti akifa mezani, Balz si wangu tena. Abaki kwako. Nami nitamletea mwenzi, na huyo akifa nitaleta mwingine, mpaka uchoke wewe au nichoke mimi. Sasa huna tena pa kujificha. Amua.”

Kipfer alitazama viatu vyake vya nyumbani.

“Nilishawatengenezea nyumba,” alisema. “Kwa mbao za sanduku la jibini. Mlango nimeukata chini kabisa, watoto wasijikwae. Annelis, ni wanyama wa Lotti. Nilitaka nibakiwe na kitu.”

“Umebakiwa na kitu! Hicho hapo mezani, kinaumia! Na hata ingekuwa mimba kama ulivyotangaza, jike wa umri huu ambaye hajawahi kuzaa mifupa ya nyonga imeshakaza, mtoto hapiti. Ulipaswa kumleta hapa siku ileile. Wewe ukakimbilia kwenye mikate!”

“Na wewe je?” Kipfer aliinua uso. “Siku ile ulipokuja kumnyakua Balz, Zimti alikuwa pembeni yake. Tumbo lile lile. Wewe unayeona ufa wa kikombe, ulimwona?”

Bi Ruchti alimtazama Zimti. Daktari alijifanya anafuta mashine. Niliona jicho lile la kiwanda cha biskuti likirudi nyuma, likakagua asubuhi ile, likakuta ilipopita biskuti iliyovunjika.

“Sikumwona,” alisema.

Msidhani hasira yake ilipoa. Ilipata mtu wa pili tu wa kumkasirikia.

Kipfer aliweka kidole kimoja mgongoni kwa Zimti, mahali palipobaki manyoya. Kisha akamwambia daktari, “Mpasueni.”

Alipasuliwa asubuhi iliyofuata. Hatukumnyima chakula kabla, kwa sababu utumbo wa simbilisi ukisimama hauamki kwa urahisi. Nilimpa majani mpaka dakika ya kumlaza. Uvimbe wa kushoto ulipotolewa na kuwekwa kwenye bakuli, Balz angeweza kuuegemeza kidevu. Pumzi ya Zimti ilipungua mara moja, daktari akasimama na kisu hewani, kisha pumzi ikarudi. Alipozinduka sikuona furaha yoyote moyoni mwangu. Niliona tu jinsi tumbo lake lilivyokuwa dogo, na nikafikiria amelibeba lile jingine kwa muda gani.

Nyumbani hakutaka kula. Ikabidi alishwe uji wa nyasi kwa bomba la sindano, mchana kutwa, kidogo kidogo. Bi Ruchti alikwenda kumfundisha Kipfer namna ya kumshika, na nilipopita kukagua mshono niliwakuta jikoni, vichwa vyao vikiwa karibu kugongana juu ya taulo.

“Pembeni mwa mdomo, Bwana Kipfer. Si katikati. Unataka kumzamisha?”

“Ananitemea.”

“Hata mimi ningekutemea.”

Jumamosi Kipfer alitimiza ahadi. Alisimama dukani kwa Käthi, kofia mkononi, Bi Ruchti akiwa mbele yake kwenye foleni na hajageuka.

“Balz ni maksai,” alisema kwa sauti. “Maksai halisi. Zimti hakuwa na mimba, alikuwa mgonjwa, na mimi nilikuwa mpumbavu. Annelis hakunidanganya.”

Watu walicheka, baadhi wakapiga makofi. “Basi yamekwisha!” mleta barua akasema. “Mpe mkono, Annelis.”

“Mkono wa nini?” Bi Ruchti aligeuka. “Mimi nilichekwa tu. Kuchekwa hakumvimbishi mtu ovari. Nanyi mnacheka nini tena? Kila mmoja wenu alisikia habari ya tumbo lile, na hakuna aliyeuliza mwenye tumbo anaendeleaje. Mimi wa kwanza.” Akaweka mfuko wake kwenye kaunta. “Mkate mmoja, Käthi. Na majani ya karoti, usiyatupe.”

Käthi aliyafunga majani. Kipfer alimfungulia Bi Ruchti mlango.

“Annelis…”

“Bi Ruchti.”

“Bi Ruchti. Tangu asubuhi Zimti anakataa bomba. Anafumba mdomo kabisa.”

Bi Ruchti alikuwa tayari yuko barabarani, amegeukia upande wa nyumba ya Kipfer.

“Na wewe unasimama hapo kuomba radhi mikate? Tembea, Bwana Kipfer. Tembea!”