Nilimficha mwenzangu siku ya mazoezi ya kwaya, akanibebea kosa mbele ya watu wote

Admin naomba ufiche jina langu, wengi wa kanisani kwetu wanafuata huu ukurasa. Wakubwa shikamooni. Mimi ni binti wa miaka 17, nasoma kidato cha tatu, tunaishi Mandewa hapa Singida. Ni mtu wa aibu sana. Hata darasani mwalimu akiniuliza swali najua jibu, kwa Kiswahili najua na kwa Kiingereza najua, ila mdomo haufunguki. Sehemu moja tu ndo nilikuwa nasikika, kwenye kwaya ya vijana. Ilinichukua miaka miwili kupewa kuanzisha wimbo. Nilikuwa nafanya mazoezi nyuma ya banda la kuku ili nyumbani wasinicheke.

Mwaka huu akaja msichana kutoka Kiomboi, nimuite Rehema, sio jina lake. Ana miaka 16, anakaa kwa shangazi yake, nyumba tatu kutoka kwetu. Siku ya kwanza tu alipofungua mdomo, mwalimu wa kwaya akaacha kupiga kinanda, akasema, "Jamani, huyu tulikuwa tunamkosa." Wiki ya pili nafasi yangu akapewa yeye. Hakuna aliyeniambia pole. Kilichoniuma kuliko vyote ni mama yangu mzazi. Tumerudi nyumbani anamenya vitunguu, anasema, "Yule mtoto ana sauti, hadi nimetokwa na machozi." Nikajiuliza, mimi nimeimba mwaka mzima, mbona hukulia hata siku moja? Na Rehema hata hana maringo, yaani ningepata sababu ya kumchukia ningepumua. Ananiita dada, ananibebea daftari la nyimbo. Nilikuwa namjibu huku nimeng'ata meno.

Sasa kwetu kuna sheria, asiyefanya mazoezi ya mwisho bila ruhusa havai sare. Anakuja mazoezini kama kawaida, ila Jumapili tatu anakaa benchi la mbele, kila mtu anamuona. Mazoezi huwa Jumamosi saa kumi. Wiki moja kanisani kulikuwa na harusi Jumamosi, yakahamishiwa Ijumaa. Tangazo likawekwa kwenye grupu la WhatsApp, lakini Rehema hana simu, na shangazi yake ana kitochi. Mwalimu akaniambia, "Wewe ni jirani yake, mwambie." Alhamisi nikapita kwao kweli. Alikuwa anachambua mchicha mlangoni, akaniwahi, "Dada, Jumamosi tutapitiana, eti?" Nikasema, "Eeh, tutapitiana." Nikaondoka.

Ijumaa mwalimu akanipa mimi nianzishe ule wimbo. Niliimba vizuri, siwezi kuwadanganya, nilifurahi.

Jumamosi saa tisa nasikia "hodi" nje, Rehema huyo kaja kunipitia. Nikajifungia chumbani. Mama ndo akamjibu, "Mazoezi si yalikuwa jana?" Kisha nikamsikia anasema taratibu, "Haya mama, asante." Mama akaja kuniuliza, "Hukumwambia mwenzio?" Nikasema nilimwambia, kasahau mwenyewe. Hapo nikawa na uongo wa pili.

Jumapili asubuhi kabla ya ibada tumepanga mstari na sare zetu, Rehema kasimama pembeni na sketi yake ya shule. Mwalimu akamuuliza mbele ya wote, "Nilimtuma huyu dada yako akuambie. Hakukuambia?" Rehema akaniangalia. Mimi nikaangalia sakafu. Akasema, "Aliniambia mwalimu. Nilipitiwa." Mmoja wa sauti ya pili akacheka, "Staa kashaanza kupitiwa!" Wengine wakadakia. Rehema akaenda kukaa benchi la mbele, na mimi nikaenda kuimba wimbo wake.

Kumbe siku hiyo mama yake alikuwa amepanda basi la alfajiri kutoka Kiomboi aje amsikie mwanawe. Hakuwa amewahi kumsikia na kwaya. Sisi tukitoka ibadani tunapanga duara nje tukiimba, kila anayetoka anawapa mkono walio mbele yake kisha anajiunga mwishoni, hakuna wa kumkwepa mwingine. Rehema akanipa mkono, "Bwana asifiwe dada, umeimba vizuri." Nyuma yake mama yake, mkono mgumu wa jembe, akaushika wangu kwa mikono yake miwili. "Wewe ndo yule rafiki yake? Anakusema sana. Asante mwanangu kwa kunipokelea mtoto."

Tangu siku hiyo silali vizuri. Mwalimu amenisifu kwamba mimi ni mwaminifu, anataka niwe katibu wa kwaya. Jumapili mbili za adhabu bado, na ile ya mwisho ni Meza ya Bwana. Siwezi kunyoosha mkono kupokea na hali hii. Nikisema ukweli nitakaa benchi mimi, mama atajua nilimdanganya, na mimi mtu wa aibu nitasimamaje mbele ya watu arobaini? Halafu niwaambie kitu kibaya zaidi, wivu haujaisha. Sasa namwonea wivu hata kwa alichonifanyia. Kwenye sauti kanishinda, na kwenye Ukristo kanishinda tena.

Jana jioni nimekutana naye bombani. Akajitwisha ndoo yake, akageuka akaniuliza kwa sauti ileile, "Dada, Jumamosi tutapitiana?" Nikajifanya nafunga bomba.

Wadogo, wakubwa, msinitukane, najijua. Nianze na yeye, na mama, au nisimame mbele ya kwaya nzima? Jumamosi haiko mbali, na bado sijamjibu.