Hatua Kumi za Mafunjo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka chakula hupoteza ladha mdomoni. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimeolewa hapa Murukulazo mwaka uliotangulia, mtoto wangu wa kwanza yu mgongoni. Asubuhi hiyo nilishuka bondeni kutazama shamba langu la mahindi, nikakuta miche imeng'olewa tena, mstari baada ya mstari. Ilikuwa mara ya pili msimu ule. Nyumbani mbegu zilibaki bakuli moja.

Walioing'oa niliwajua. Ni wale ndege warefu wenye shungi la dhahabu kichwani, tunaowaita misambi. Jozi moja ilikuwa ikitaga kila mwaka katikati ya bonde letu, ndani ya mafunjo. Wala hawakukaa pale kwa bahati. Sisi ndio tuliowatunza.

Ngoja nikueleze tulivyowatunza, maana siku hizi nasikia watu wakisema kulinda viumbe ni kazi ya serikali na ya wenye magari. Sisi tulikuwa kaya tisa na majembe yetu. Mama mkwe wangu, Koleta, ndiye aliyelianzisha jambo. Bonde la kwao alikozaliwa lilikatwa na kuchomwa mpaka ndege wakahama, na baada ya ndege kuhama, chemchemi nayo ikakauka. Hakutaka kuliona hilo mara mbili. Akazunguka nyumba kwa nyumba akiomba kila mwenye shamba bondeni aache hatua kumi za mafunjo, asikate wala asichome. Kiangazi wanaume walifyeka njia ya kuzuia moto. Na likawekwa sharti moja zaidi, ambalo kwangu mimi lilikuwa ndilo kubwa: mtu akiharibiwa miche na ndege, kila kaya imletee konzi moja ya mbegu, na waje kumpandia upya. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Kwa hiyo nilichotakiwa kufanya asubuhi ile ni kupanda mlima na kusema, "Jamani, wamening'olea tena." Basi. Lakini nilikuwa nimekwisha kusaidiwa mara moja, na mimi ni mgeni, mke mpya. Niliona haya. Nilijiambia watasema mke wa Gervazi alikuja mikono mitupu, na sasa anamaliza mbegu za watu. Nilidhani ile ni haya, mwanangu. Kumbe kilikuwa kiburi.

Kaka yangu alikuwa akilima pamba upande wa Biharamulo, na alipokuja kututembelea aliacha chupa ya dawa ya wadudu. Niliichukua. Nikaitia kwenye punje za mahindi ndani ya lile bakuli la mbegu, nikazimwaga pembeni mwa shamba langu, karibu na mafunjo. Nilijidanganya kwamba wataugua kidogo tu, waogope, waende kula kwingine.

Siku ya pili yake tulisikia Koleta akiita kutoka bondeni. Tulipofika, jirani yetu Zebedayo alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, amembeba mmoja wa wale misambi kwapani, shingo yake ndefu ikining'inia. Wa pili alikuwa amelala kwenye tope, harufu ya dawa ikimtoka mdomoni. Makinda wao wawili walikuwa bado hai kiotani. Koleta alijaribu kuwalisha panzi na wadudu wa majini. Walikufa siku ya tatu, mmoja asubuhi na mwingine mchana, na nilikuwa nimekaa pale pale nikimshikia kikapu.

Sasa nikwambie habari za huyu Zebedayo. Wazazi wake walikimbia vita Burundi, wakavuka naye akiwa mtoto wa mgongoni. Alikulia hapa, alioa hapa, na katika kaya zile tisa hakuna aliyeyatunza mafunjo kuliko yeye. Lakini ni yeye pekee aliyekuwa na bomba la kupulizia dawa. Na wiki moja kabla, kwenye kikao, alikuwa ametania kwamba ndege hawa watakula mpaka kofia zetu. Watu walicheka siku ile. Walipokutana tena mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, hakuna aliyekumbuka kwamba ulikuwa mzaha.

"Si mimi," Zebedayo alisema. "Bomba langu njooni mlinuse. Msimu huu halijatiwa dawa."

Hakuna aliyekwenda kulinusa. Mzee mmoja alisema mgeni ni mgeni tu, hata akikaa miaka mia. Mke wa Zebedayo alitazama chini. Mimi nilikuwa nimekaa umbali wa hatua tatu kutoka kwake, namnyonyesha mwanangu, na mdomo wangu ulikuwa mzito kama umejaa udongo. Walimnyang'anya shamba la bondeni. Mikono ilinyoshwa kukubali, na mkono wangu ulikuwamo.

Jioni nilipompelekea mama mkwe ugali, hakunawa. Alisema, "Lile bakuli la mbegu ulilolisugua kwa majivu mara tatu, ulilitoa nini?"

Niliweka birika la maji chini.

"Nenda kwa mwenyekiti," akasema. "Kesho kabla ya jua kupanda. Ndege wamekufa, hawarudi. Lakini mtu bado yu hai."

"Mama, watanifukuza. Gervazi atanirudisha kwetu."

"Huenda. Mimi sitakusemea, Melania. Neno hili ni lako, na ukilimeza litakukaa tumboni."

Mpaka siku ile alikuwa akiniita mwanangu. Kuanzia hapo aliniita kwa jina, miaka yote sita aliyoishi, mpaka nilipomfumba macho. Kesho yake sikwenda kwa mwenyekiti. Nilisema nitakwenda Jumapili, kisha nikasema baada ya mavuno. Kabla ya mavuno Zebedayo alifunga vitu vyake kwenye baiskeli mbili, akahama na mke na watoto wanne. Tulisikia amepata shamba huko Runazi.

Umeshawahi kuona kikapu kinavyofumuka? Huanza uzi mmoja. Baada ya Zebedayo kuondoka, watu walianza kuulizana: kama mlinzi mwenyewe alitutilia sumu, mimi naacha hatua zangu kumi kwa ajili ya nani? Wa kwanza alikata mafunjo yake asukie majamvi. Wa pili alichoma akapanda viazi. Mimi nilikuwa wa tano, nakuambia kweli, kwa sababu kila nilipoyaona mafunjo yale niliwaona makinda. Haikupita misimu mitatu bonde likawa jeupe. Bata wa porini wakaondoka, vyura wakanyamaza, na lile shimo letu la kuchotea maji likawa tope. Ndipo tulipoanza kutembea saa nzima na ndoo kichwani, na wanangu wamekulia katika mwendo huo. Sumu yangu iliua ndege wanne. Ukimya wangu ndio ulioua bonde.

Mwaka juzi, Gervazi ameshafariki, nilipanda gari nikaenda Runazi. Niliuliza kwenye maduka nikaelekezwa. Zebedayo alikuwa nyuma ya nyumba anamenya mihogo, kichwa chote mvi. Nilimwamkia shikamoo, ingawa hatukupishana sana kwa miaka. Aliitikia marahaba huku akinikazia macho mpaka akanitambua. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana sikuona haki ya kukaa kabla hajajua.

Alimaliza kumenya muhogo aliokuwa nao mkononi. Kisha akasema, "Wanangu walikulia hapa wakiitwa watoto wa mtia sumu. Maneno yana miguu, yalitufuata. Mke wangu amekufa na hasira hiyo."

"Nisamehe, Zebedayo."

"Wa kule umewaambia?"

"Bado."

"Basi hujanifikia bado. Rudi ukawaambie walionyosha mikono. Mimi nilikuwa najua si mimi."

Hakunikaribisha maji, na sikumlaumu.

Nikarudi. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, niliomba nafasi nikasimama mbele ya watu nikasema: ni mimi Melania niliyewaua misambi wa bondeni, na Zebedayo hakuwa na kosa. Nilijiandaa kuzomewa. Nilijiandaa hata kufukuzwa. Badala yake kijana mmoja kwenye benchi la nyuma akamuuliza mwenzake, na mimi nikasikia, "Zebedayo ni nani?"

Mwanangu, hakuna adhabu niliyoiona nzito kama swali lile. Wazee walionyosha mikono wamekufa wote. Nilikuwa nimechelewa hata kuhukumiwa. Nilimpigia Zebedayo kwenye simu ya mwanawe nikamwambia nimesema. Alijibu, "Nimesikia," simu ikakatwa. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha tukaletewa habari za msiba wake.

Sasa nasikia wewe na wenzako mnataka kuacha tena hatua kumi, na kwamba kaya nne zimekubali. Mnaniuliza misambi watarudi lini. Sijui. Wakati mwingine wawili hupita juu wakielekea kwingine, hawashuki. Huenda mimi sitawaona wakitua. Pandeni mafunjo hivyo hivyo.

Lakini shikeni hili kutoka kwangu. Kazi ndogo ya watu wengi haishikwi na kamba wala na karatasi ya mwenyekiti, inashikwa na watu kuaminiana, na imani hiyo mmoja tu anatosha kuivunja. Ukipungukiwa, sema umepungukiwa. Haya ya kuomba hupita kabla jioni haijafika, haya ya kuficha utazeeka nayo. Ukikosa, kiri siku ile ile, angali yupo wa kukusamehe na wa kukuhukumu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kimeniumbua ningali natembea. Na mkikaa kikao kutafuta mkosaji, msianze na yule ambaye wazazi wake walivuka mpaka. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa mke wa mwenyeji, na hakuna aliyenitazama.

Mungu akupe mdomo mwepesi wa kusema kweli na majirani wenye subira ya kuisikiliza. Akujalie maji karibu na mlango wako. Na ukifika umri wangu, usiwe na mtu wa kumtafuta umwombe radhi.