Siku Niliyomfuta Mama Kadzo

Jamani, hili nalisema kwa aibu, na mkicheka sitawalaumu: mimi, mpiga video wa Kibarani niliyejaza sifa zangu kwenye bango, nilimfuta marehemu mbele ya mume wake, wanawe na kanisa zima.

Mzee Charo wa Adu alikuwa amefiwa na mkewe, Mama Kadzo, na mwaka ulipotimia akaniomba niwaonyeshe watu video ya jubilei ya ndoa yao, niliyoipiga mwenyewe. Mke wangu akaniambia, "Beba kompyuta mpya." Nikabeba ile kuukuu niliyoanzia nayo kazi, kwa sababu naipenda tu (na kwa sababu mpya ni yake, sikutaka kuonekana naomba). Video ilikuwa kwenye diski mpya ya terabaiti nne, ambayo sikuwahi kuichomeka kwenye mkongwe yule hata mara moja.

Basi kanisani madirisha yamezibwa, shuka jeupe limetundikwa, kila kilicho kwenye kompyuta kinaonekana pale kikubwa kama mlango, nikachomeka diski, na maandishi yakatokea. Mwalimu Karisa, mpwa wa mzee, akawatafsiria watu kwa sauti: "Inasema diski hii ni tupu, inauliza iiandae upya?" Watu wakaguna. Mimi, jasho linanitoka, nikitaka tu maandishi yale yaondoke, nikabonyeza ndiyo.

Yakaondoka kweli. Na video zote zikaondoka nayo.

Mzee akaniuliza polepole, "Mwanangu, Mama Kadzo yuko wapi?"

"Baba," nikasema, "nafikiri nimemfuta."

Kisha mzee akanishika mkono kama mimi ndiye mfiwa. "Kaa kwanza. Anayemkumbuka na atuambie." Binti yake akasimama akaiga mamake alivyokuwa akigombana na kuku, kanisa likacheka hadi likalia, nami nikaletewa chai nikainywa nimeinamisha kichwa.

Kesho yake nikaenda Malindi kwa fundi mmoja, dada mpole, akaitazama diski akacheka. "Kaka, mashine yako ya zamani huhesabu kwa namba fupi, ikipita terabaiti mbili haioni mbele. Na hizi diski kubwa hupangwa kwa mtindo mpya isioujua, ndiyo maana ikasema ni tupu." Kumbe nilichofuta ni orodha ya mwanzoni tu, ile inayoonyesha video ziko wapi, na nakala ya orodha hiyo huwekwa mwisho kabisa wa diski, huko mkongwe wangu asikoweza kufika. Saa moja haikwisha, kila kitu kikarudi.

Nikarudi Adu na kompyuta mpya (mke wangu aliibeba mwenyewe, hakuniamini, na ni haki yake). Tukaketi sebuleni na mzee. Mama Kadzo akatokea, anapangusa mikono kwenye leso, anatazama kamera: "Wewe kijana, hujala tangu asubuhi, zima hicho kitu uje ule."

"Rudisha," mzee akasema. Nikarudisha. Akasema tena rudisha, mara nne, hadi mke wangu akatoka nje kujifuta macho.

Nimeapa: kompyuta ikiniuliza jambo nisilolielewa mbele za watu, nitasema sijui, niizime, niombe radhi. Na sauti ya Mama Kadzo sasa iko mahali patatu, mojawapo ni simu ya mzee, ambayo nasikia huifungua kila anapoketi kula.