Hiyo si mboga, mama

Tulikuwa kwenye foleni ya kupima presha, zahanati moja hapa Bagamoyo. Mbele yangu alikuwapo mama mtu mzima kutoka Kaole. Nesi, binti wa umri wa mwanawe, akamvua mkononi kile kitambaa cha kupimia.

“Presha yako nzuri, mama. Ili ubaki hivyo, punguza wali, mboga ule kwa wingi.”

“Mboga sikosi, mwanangu. Juzi nyama, jana pweza wa nazi, leo nimeacha nyumbani nguru wa kukaanga.”

“Hiyo si mboga, mama.”

Mama akatutazama sote kwenye benchi, kama anayetafuta shahidi. “Sasa kwenu wali mnatowelea nini?”

“Nasema majani. Mchicha, matembele, kisamvu.”

“Kisamvu nakila. Kwa tui zito na kamba wakavu.”

Nesi akashusha pumzi, akaitazama tena mashine. Presha ilikuwa nzuri vilevile.

Zamu yangu ikafika. Mimi, mtu wa mchicha wa kuchemsha miaka nenda rudi, nikaambiwa imepanda kidogo, nizidishe mboga. Nilitaka kuuliza zipi, nikamwona yule mama kasimama mlangoni, ananisikiliza.

Nyumbani mke wangu akauliza swali lake la kila siku: “Leo mboga nini?”

Mpaka naandika haya, sijamjibu.